Ebenezeri: Jiwe Lililosimama Mahali pa Kushindwa

Ukiishi mji wowote hapa Kenya, jina Ebenezer unalijua. Liko juu ya mlango wa kinyozi, kwenye lango la shule, kanisani, nyuma ya matatu. Na kila mtu analisoma vilevile: tumefika, Mungu ametusaidia, tusherehekee. Sherehe sina shida nayo. Shida yangu ni kwamba tunasoma mwisho wa hadithi na kuruka mwanzo, ilhali mwandishi wa Kitabu cha Kwanza cha Samweli ametuwekea huo mwanzo peupe.

Maana yenyewe ni rahisi. Kwa Kiebrania even ni jiwe, ezer ni msaada. Katika sura ya 7 Waisraeli wanawashinda Wafilisti, Samweli anasimamisha jiwe kati ya Mispa na Sheni, analiita jiwe la msaada. Mahubiri mengi huanzia hapo.

Sasa hebu rudi sura ya 4. Jiwe bado halijasimamishwa lakini jina lishatajwa! Waisraeli wamepiga kambi Ebenezeri, Wafilisti wako Afeki. Vita vya kwanza vinaua watu kama 4,000. Wazee wanauliza kwa nini wamepigwa, halafu hata hawangoji jibu. Wanatuma watu Shilo walete sanduku la agano, ati hilo ndilo litawaokoa. Linapofika, kambi inapiga kelele mpaka nchi inatetemeka. Kisha wanakufa 30,000 na sanduku linatekwa. Sura ya 5 inapoanza, jina linarudi: sanduku linatolewa Ebenezeri, linapelekwa Ashdodi. Kwa hivyo Biblia nzima inataja mahali hapa mara tatu tu, na mara mbili ni habari za kushindwa.

Wapo wataalamu wanaosema hizi ni sehemu mbili tofauti, kwa sababu Afeki iko tambarare upande wa bahari, na Mispa iko milimani. Huenda. Ila kwangu msomaji, jibu lolote linanifikisha palepale. Kama ni mahali pamoja, jiwe limesimama pale watu walipoanguka. Kama ni pawili, basi mtu ameamua jina la msiba lipewe ushindi, ili ukisikia moja ukumbuke na lingine.

Na kati ya sura hizo mbili kuna miaka 20. Sanduku lilisharudi, liko Kiriath-yearimu, lakini safari hii hakuna anayelibeba kwenda vitani. Watu wanatupa miungu yao mingine, wanafunga, wanakubali makosa. Yaani wamejifunza kwamba kitu kitakatifu hakigeuki hirizi kwa sababu umekishika.

Hapo ndipo jina linatuuma sisi. Dereva anayebandika Ebenezer kwenye kioo kisha anapita wenzake kwenye kona amelifanyia jina kile wazee walichofanyia sanduku. Vivyo hivyo mwenye duka anayeandika Ebenezer mlangoni na kupunja kwenye mizani ndani.

Maneno ya Samweli pale jiweni yalikuwa na mpaka: msaada ni hadi hapo walipofika. Ya kesho hakuyagusa. Anayesema hivyo anajua idadi ya waliozikwa njiani, na bado anashukuru.