Maandishi ya Runinga na Swali la Lugha: Kutoka Kakiika hadi Nakivale

Mjadala kuhusu maandishi yanayoandamana na picha za runinga umezoea kuanzia kwenye vifaa. Nchini Marekani, huduma ya maandishi fiche, ambayo mtazamaji huyafungua akiyahitaji, ilianza mwaka 1980 kwa king'amuzi cha kununuliwa kando. Tangu 1993 televisheni mpya kubwa zilitakiwa kuwa nacho ndani. Nchini Uganda, matangazo ya dijitali yamelisogeza suala hilo hadi sebuleni. Kikwazo kinachostahili kuhakikiwa sasa ni lugha.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2006 ilimtaka mmiliki wa kituo cha televisheni aweke mkalimani wa lugha ya alama au maandishi katika angalau taarifa kuu moja ya habari kila siku. Udhaifu umo katika kiunganishi “au”. Kiziwi aliyekua na Lugha ya Alama ya Uganda huenda asisome Kiingereza kwa wepesi. Mzee aliyepoteza usikivu ukubwani huenda asijue ishara hata moja. Kituo kinachochagua njia moja hutii sheria na kumwacha mmoja wao nje. Sheria hiyo ilibatilishwa na ile ya 2020, ila swali lake halijafutika.

Neno “maandishi” nalo haliamui lugha. Huko Kakiika, jijini Mbarara, nyumbani husemwa Kinyankole na shuleni hutawala Kiingereza. Katika makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yanayopokea wakimbizi tangu 1958, Kiswahili huwaunganisha wengi waliotoka Kongo na Burundi, ambao Kiingereza hakikuwa lugha ya shule yao. Maandishi ya Kiingereza yatamfaa kijana wa Kakiika na kumpita mama wa Nakivale. Mtafsiri wa vibanda vya video, anayesimulia filamu kwa Kiganda juu ya sauti ya waigizaji, ameziba pengo la lugha kwa ustadi. Hata hivyo, kazi yake huishia sikioni.

Kiswahili, lugha rasmi ya pili kikatiba tangu 2005, kinaweza kuziba sehemu ya pengo hilo, mradi kisipimwe kwa rula ya Kiingereza. Kasi ya usomaji ikihesabiwa kwa maneno kwa dakika, “hatutawasahau” ni neno moja, ilhali Kiingereza hulisema kwa maneno matano. Kipimo cha haki ni herufi. Aidha, Kiswahili Sanifu kisichukuliwe kuwa ndicho Kiswahili cha Bukavu.

Kwa hiyo, kanuni yenye manufaa ingeandika “na” badala ya “au”, ingetaja lugha ya maandishi, na ingedai yajaribiwe na viziwi wa Kakiika na wa Nakivale kabla ya kuidhinishwa. Bila hayo, kitufe cha maandishi kitabaki pambo la rimoti.