Kutambua Kidhibiti Volteji Kilicho Bora

Kidhibiti volteji hutoa volti zilezile hata chanzo cha umeme kikipanda au kushuka. Katika miji ya Nyangwe, Kasongo na Kabambare, mara nyingi chanzo hicho ni betri inayochajiwa na paneli ya jua, na hakitulii. Betri iitwayo ya volti 12 husoma 12.7 ikijaa na kupumzika, hufika 14.4 inapochajiwa mchana, na ikikaribia kuisha hushuka chini ya 11.8. Paneli yake, ikiwa haijaunganishwa na kitu, hutoa volti 21 hivi. Simu inataka 5 tu, na redio ya mawe manne inataka 6. Fundi makini huanza na namba hizo kabla ya kuuliza bei.

Kidhibiti kinachojulikana zaidi ni 7805. Kikitazamwa upande wa maandishi, mguu wa kushoto ni wa kuingizia, wa kati ni hasi, na wa kulia ni wa kutolea. Kinahitaji walau volti 7 ili kitoe 5. Umeme wake ni safi, ila volti zote za ziada hugeuka joto. Kikipokea volti 12.6 na kutoa ampia 1, simu hupata wati 5, na wati 7.6 hupotea. Bila bati la alumini la kupozea, kila wati hupandisha joto la ndani kwa nyuzi 65 hivi, na kikivuka takriban nyuzi 150 hujizima. Kikipoa, huwaka tena. Ndiyo maana simu huchaji, ikaacha, ikachaji tena, huku mwenyewe akilaumu betri isiyo na kosa.

Kwa hiyo kuchaji simu ni kazi ya kidhibiti kinachokatakata umeme, kama LM2596. Hukata na kurudisha mkondo mara 150,000 kwa sekunde, kisha koili na kapasita husawazisha. Kutoka volti 12 kwenda 5 hufikisha kwenye simu karibu asilimia 80 ya umeme, ilhali 7805 hufikisha 40. Siku za mawingu, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama taa itawaka usiku.

Kwenye redio hukumu hugeuka. Kukatakata kule huzaa mvumo unaosambaa hadi kwenye mawimbi ya kati na mafupi, na kituo cha mbali humezwa. Redio inayovuta ampia 0.1 itumie 7806: joto lake ni wati 0.66 tu, na sauti hubaki safi. Kapasita mbili, ya mikrofaradi 0.33 upande wa kuingizia na ya 0.1 upande wa kutolea, zichomewe karibu kabisa na miguu. Mafundi wengi huziacha, na kidhibiti huanza kutetema chenyewe. AMS1117, kidogo na cha bei nafuu, mwisho wake ni volti 15. Kukifunga kwenye betri inayofika 14.4 ni kukiweka ukingoni. Kinafaa kushusha 5 kuwa 3.3.

Ubora haupimwi bila mzigo. Hata kidhibiti bandia husoma 5.0 kisipofanya kazi. Kifungwe rezista ya omu 5 ya wati 10, ambayo huvuta ampia 1, na 7805 ipewe bati lake la kupozea. Baada ya nusu saa, mita isisome chini ya 4.75 wala juu ya 5.25. Mita inayopima masafa hufichua mengi zaidi: LM2596 nyingi za bandia hukata karibu mara 50,000 badala ya 150,000, na koili zake hupata moto mapema. Kapasita nazo zisomwe. Iliyoandikwa 16V isikaribie paneli ya volti 21.

La kuogopwa zaidi ni namna kidhibiti kinavyokufa. LM2596 ikiungua mara nyingi huachia volti zote 12 zipite hadi kwenye simu. Fyuzi ya ampia 2 iwekwe karibu na chanya ya betri, na dayodi ya zena ya volti 5.6, ya wati 5, iwekwe kwenye njia ya kutolea: volti zikizidi, zena huvuta mkondo mkubwa na fyuzi hukatika. Chaja isiyo na viwili hivyo haifai kuunganishwa na simu ya mteja.