Mchoro kama Hoja: Jonathan Kingdon na Mchapishaji Wake

Mkazi wa Kimana, katika kaunti ya Kajiado, haihitaji picha ili amtambue tembo. Humjua kwa mwendo, pale makundi ya Amboseli yanapopita kuelekea kwenye vinamasi. Kipimo hicho ndicho kinachofaa kuihakiki East African Mammals ya Jonathan Kingdon, mzaliwa wa Tabora aliyefundisha sanaa Makerere. Kazi hiyo ilitolewa na Academic Press ya London kati ya 1971 na 1982, katika vitabu saba.

Aghalabu mchapishaji wa kitaaluma humkabidhi mchoraji mswada uliokwisha kukamilika, naye akaupamba. Hapa mwandishi ndiye mchoraji, na mchapishaji aliyakubali yatokanayo na hali hiyo: fuvu, mwili uliochunwa hata misuli ikaonekana, na michoro ya haraka ya mnyama akiwa mwendoni, vyote vinajenga hoja ambayo maneno huifuata nyuma. Fani imekuwa maudhui.

Dosari iko kwingine. Mchapishaji aliyeipa penseli uhuru mkubwa kiasi hicho aliitoa kazi kwa Kiingereza. Mfugaji wa Kimana asiyeijua lugha hiyo anaweza kuisoma michoro, pengine hata kuisahihisha, ila maelezo yanayoizunguka hayamfikii.