Wingu na Kichaka

Karata ya hanafuda, ya Kijapani, haina tarakimu. Seti nzima ina karata 48, nne kwa kila mwezi, na kila mwezi una mmea wake: Januari msonobari, Machi maua ya mcheri. Fusajiro Yamauchi alipofungua duka lake mjini Kyoto mwaka 1889, karata hizo zilitengenezwa kwa mkono, kwa karatasi itokanayo na magome ya mforsadi. Mchoraji alipewa kipande kinachofichika kiganjani na rangi chache, naye alipaswa kuhakikisha mchezaji anautambua mwezi kwa kutupa jicho mara moja. Duka hilo ndilo Nintendo. Watu hupenda kusimulia kwamba kampuni ya karata iliruka ikaangukia kwenye gemu za kompyuta. Mimi naona haikuruka popote. Kazi ilibaki ileile, kusema mengi ndani ya nafasi finyu, na ufundi huo ndio uliowafikisha walikofika.

Tazama gemu ya Super Mario Bros. ya mwaka 1985. Yote, pamoja na muziki wake, majumba yake na maadui wake, imo katika kilobaiti 40 hivi. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya leo huizidi kwa makumi ya mara. Shigeru Miyamoto na wenzake walibana kila kitu, na humo ndimo ilimozaliwa hila ninayoipenda kuliko zote: wingu lililo juu na kichaka kilicho chini ni mchoro mmoja. Ukipakwa weupe unaelea angani, ukipakwa kijani unaota ardhini. Mamilioni ya watoto walipita katikati ya viwili hivyo, wakaona mbingu na nchi, wasigundue kuwa ni kitu kimoja. Mario mwenyewe alizaliwa hivyohivyo, katika Donkey Kong ya mwaka 1981. Masharubu yaliwekwa ili pua ionekane bila kuhitaji kuchora mdomo, kofia kwa sababu nywele zilikuwa taabu kuchora, na ovaroli ili mikono ionekane inapochezacheza. Sura inayojulikana dunia nzima ni jumla ya masuluhisho madogo ya fundi aliyenyimwa nafasi.

Atauliza mtu: huo si ufundi, ni ufukara tu wa mashine za wakati ule? Lakini ufukara huo waliugawana wote. Huko Marekani gemu ya E.T. ilitungwa kwa wiki tano hivi ili iwahi Krismasi ya mwaka 1982. Soko likafurika kazi za haraka, likaporomoka mwaka uliofuata, na kaseti zisizouzika zikafukiwa katika jangwa la New Mexico. Tena kuna ushahidi wa wakati ambapo Nintendo walikuwa na hiari. Mwaka 1989, walipotoa Game Boy, mashine yao ya gemu ya mkononi, vioo vya rangi vya kushika mkononi vilikwisha kuwapo. Gunpei Yokoi alikichagua kioo kisicho na rangi, chenye ukijani uliofifia, kwa kuwa kilikuwa rahisi na betri nne zilikiendesha kwa saa nyingi. Yokoi aliajiriwa mwaka 1965 kutunza mitambo ya kiwanda cha karata, na falsafa yake ilikuwa kuifikiria upya teknolojia iliyokwisha kunyauka. Washindani waliokuwa na rangi walikula betri upesi, wakaachwa nyuma. Game Boy, pamoja na ndugu yake wa rangi aliyefuata, iliuzwa zaidi ya milioni 118.

Wapo pia wanaosema ukuu huo ulitokana na ubabe wa kibiashara. Ni kweli Nintendo walitia chipu ya kufuli katika mashine zao zilizouzwa Marekani, na kampuni nyingine zikawekewa kikomo cha gemu tano kwa mwaka. Waliobanwa walikuwa na haki ya kulalamika, wala sitetei. Ila kufuli huzuia wengine kuingia tu. Halimfanyi mtoto arudie hatua ileile mara mia bila kuchoka.

Kulikuwa na ubano mwingine pia: kaseti ya zamani ilipotoka kiwandani ilikuwa imetoka. Kasoro zilikuwamo, naam, lakini mtengenezaji alijua hatapata nafasi ya pili ya kuzigusa, na hofu hiyo ilimkesheza. Leo gemu huuzwa ikiwa na matundu, na viraka hufuata kwa intaneti. Nintendo nao hutuma viraka. Mwezi Machi 2023 walifunga duka la mtandaoni la mashine zao za Wii U na 3DS, na gemu zilizouzwa humo pekee hazinunuliki tena, ilhali kaseti ya mwaka 1985 ingali inachezeka kwa yeyote aliyeitunza. Mwaka 2024 walifungua makumbusho huko Uji, karibu na Kyoto, katika kiwanda chao cha zamani. Humo mgeni huketi mezani, akafundishwa kutengeneza karata ya hanafuda kwa mkono wake.