Kazi ya siku ya mwisho

Stewart O'Nan, Last Night at the Lobster, mwaka wa 2007

Kitabu tunachotaka kukipima hapa ni kifupi. Kina kurasa kama 150, na hadisi yake yaanza asubuhi na kwisha usiku wa siku ile ile. Mtungaji wake ni Stewart O'Nan, Mmarekani aliyezaliwa mwaka wa 1961 katika mji wa Pittsburgh. Kabla ya kushika kalamu alikuwa injinieri katika kompani ya kutengeneza ndege. Mwaka wa 2007 alitoa kitabu hiki, na ndani yake hamna vita, hamna mauaji, hamna maskini atajirikaye ghafula. Restora moja yafungwa. Wafanyakazi wake wafanya kazi mara ya mwisho, kisha waagana. Ni hayo tu.

Wengine watauliza: je, jambo dogo namna hii lastahili kitabu kizima? Sisi twajibu: lastahili. Lakini twaongeza neno la pili: kitabu hiki kikisomwa haraka chaweza kumpoteza mhubiri, kikamfundisha maneno ambayo wafanyakazi wangechoka kuyasikia. Ndiyo sababu twataka kukizungumza kwa urefu kidogo.

1. Hadisi yenyewe

New Britain ni mji wa jimbo la Connecticut, kaskazini-mashariki ya Marekani. Zamani ulikuwa mji wa viwanda: kufuli na vyombo vya mafundi vilivyotengenezwa pale vilijulikana nchi nzima. Siku za hadisi hii, watu wa mji waenda kununua vitu katika soko kubwa, maduka mengi chini ya paa moja, na pembeni ya uwanja wa motokari kuna restora iitwayo Red Lobster. Lobster ni mnyama wa bahari, ndugu ya kaa, mwenye gamba gumu na makoleo mawili. Huwekwa mlangoni wangali hai, ndani ya sanduku la kioo lenye maji, na mlaji huchagua yule atakayepikwa. Restora za jina hili ni mamia. Ya kwanza ilifunguliwa katika Florida mwaka wa 1968, na zote zapambwa namna moja na kuandaa vyakula vile vile. Basi mwenye mali haonekani pale hata siku moja. Mwenye mali ni kompani.

Aonekanaye ni Manny DeLeon, msimamizi wa nyumba. Makao makuu yamepiga hesabu, yameona faida haitoshi, yameamuru mlango ufungwe. Manny mwenyewe hatakosa kazi: atapelekwa Bristol, mji wa jirani, katika restora ya vyakula vya Kiitalia iitwayo Olive Garden. Lakini kule hatakuwa mkubwa tena, atakuwa msaidizi tu. Ameruhusiwa kuchukua wachache wa watu wake. Wengine wote wataachwa. Siku ya mwisho ni tarehe 20 Desemba. Noeli i karibu, na theluji yaanza kuanguka.

Wengi hawaji kazini, na nani atawalaumu? Mtu aliyeambiwa kwamba kesho hahitajiwi, kwa nini leo apambane na theluji? Waliofika nao hawakufika na moyo mmoja: wengine wana hasira, wengine wafanya nusu ya kazi na mdomo mzima wa manung'uniko. Yuko Ty, mpishi hodari. Yuko Roz, mwanamke wa miaka mingi ya kuandaa meza, asiyeshangazwa na neno lolote. Yuko Jacquie, ambaye Manny alimpenda na angali ampenda, wala hatakwenda naye Bristol.

Na Manny afanya nini? Afanya kazi kama siku zote. Awasha taa, awasha majiko na mafuta ya kukaangia, ahesabu watu, apanga nani atahudumia meza zipi. Theluji ikijaa mlangoni, atoka kuiondoa. Anasafisha njia ambayo kesho hakuna atakayeipita.

2. Uzuri wa kitabu

Tumezoea vitabu vya wafanyakazi vyenye kelele. Émile Zola, Mfaransa, alipoandika Germinal mwaka wa 1885, aliwaweka mbele yetu wachimba makaa ya mawe, mgomo, njaa, askari na bunduki. Ni kitabu chenye nguvu. Lakini wafanyakazi wengi wa dunia hawafikiwi na mabaya kwa namna ile. Wafikiwa kwa barua, au kwa mkutano wa dakika kumi: asanteni, rudisheni funguo. Hakuna wa kupigana naye. Mtungaji wetu amechagua mabaya haya yasiyo na sauti, na amekuwa na ushujaa wa kutoyaongezea sauti ya bandia. Hakuna aliaye kwa kelele. Hakuna hotuba. Mwisho haumletei mtu tajiri wa kuiokoa nyumba.

Uzuri wa pili ni ujuzi wa kazi. O'Nan anajua kazi ya jikoni na ya mezani, wala haisemi kwa juu juu. Twajua mafuta yawashwa lini, sahani zapita wapi, nani hushika kazi ya mwenzake aliyekosa. Habari yote yasimuliwa kana kwamba inatendeka sasa hivi, hata nasi twachoka pamoja nao. Vitabu vingine hutaja kazi ya mtu mara moja, ili tujue anapata wapi mkate wake, halafu vyaisahau. Humu kazi ndiyo hadisi. Tukifunga kitabu, hatuwezi tena kumtazama mtu anayetuletea sahani kana kwamba ni meza yenye miguu.

Uzuri wa tatu: wafanyakazi hawa si malaika. Mtungaji hawapaki chokaa kwa sababu ni wanyonge. Awapenda, lakini awaonyesha walivyo, pamoja na uvivu wao, ukali wao na mizaha yao. Mapendo ya namna hii ni magumu kuliko sifa.

3. Je, Manny ni mtumishi mwema au mjinga?

Hapa ndipo swali kubwa. Tumeyasikia majibu mawili, na yote mawili hayatutoshi.

Wa kwanza asema: Tazameni mtumishi mwaminifu! Kompani imemshusha cheo, wala hanung'uniki. Atimiza wajibu mpaka dakika ya mwisho. Wafanyakazi wote wamfuate. Wa pili asema: Tazameni mjinga! Aisafishia theluji kompani iliyomtupa. Angefunga mlango saa sita na kwenda zake nyumbani.

Wote wawili wamekosa jambo moja. Wadhani kwamba uaminifu wa Manny waelekea kwenye kompani. Lakini tusome tena. Theluji aiondoa kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya mzee atakayeshuka katika motokari yake na kuteleza. Vyakula avisimamia kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya watu waliokaa mezani, wasiojua lolote juu ya hesabu za makao makuu. Na akiwapanga vizuri Roz na wenzake, ni kwa sababu kazi isiyopangwa huwaangukia walio wanyenyekevu. Kompani haimo machoni pake saa ile. Waliomo ni watu. Uaminifu wake ni kwa watu waliomo ndani ya nyumba, na kwa mikono yake mwenyewe iliyozoea kutengeneza vitu vizuri. Huo si ujinga. Wala si utii wa mtumwa.

Lakini kuna mahali pamoja ambapo Manny aitumikia kompani kweli kweli, na hapo ndipo moyo wake unapomwuma: orodha ya majina. Wakubwa wameamua kwamba wachache tu watachukuliwa, lakini hawakutaja majina. Kazi ya kutaja wamemwachia yeye. Basi hasira ya walioachwa haipandi kwenda makao makuu. Yamwangukia Manny, kwa kuwa ni yeye aliyewatazama usoni. Wasomaji wetu wanaojua kazi ya kapita wataelewa upesi. Aliye juu atoa amri, aliye chini apata maumivu, na kapita apata chuki. O'Nan haelezi neno hili kwa mafundisho. Atuonyesha tu mtu mwema anayetembea siku nzima na majina ya wale ambao hakuwachagua.

4. Makosa ya kitabu

Mkosoaji asiyetaja makosa amemnyima mtungaji haki yake. Sisi tumeona mawili.

La kwanza ni kwamba kompani haina uso. Twakubali kwamba ndivyo mfanyakazi aionavyo: jina juu ya karatasi, sauti katika telefone. Lakini kwa kuwa theluji yaanguka tangu asubuhi mpaka usiku, msomaji aelekea kufikiri kwamba kufungwa kwa restora nako kumeanguka kutoka mawinguni, wala hakuna aliyekutenda. Si kweli. Theluji haipigi hesabu; watu ndio wapigao hesabu.

Mambo yaliyofuata duniani yatatusaidia kuona. Mwaka wa 2007 Red Lobster na Olive Garden zote mbili zilikuwa mali ya kompani moja, Darden, yenye makao yake katika Orlando. Kumbe mkono uliofunga mlango wa kwanza ndio uliofungua wa pili! Mwaka wa 2014 Darden iliuza Red Lobster kwa kompani ya wenye fedha iitwayo Golden Gate Capital, kwa dola bilioni 2.1. Hapo hapo viwanja na majengo ya restora mamia yakauzwa kwa wengine kwa dola bilioni 1.5, na tangu siku ile restora zikaanza kulipa kodi kwa nyumba zilizokuwa zao. Mwezi wa Mei 2024, baada ya kufunga makumi ya milango, Red Lobster ilikwenda mahakamani kusema kwamba haiwezi kulipa madeni yake, na kodi zile zilitajwa kati ya sababu. Mwezi wa Septemba mwaka ule ilitoka mahakamani ikiwa na wenyeji wapya. Haya yote mtungaji hakuweza kuyajua alipoandika. Lakini yaonyesha ya kwamba nyuma ya kila mlango uliofungwa kuna watu waliokaa mezani, wenye majina na kalamu. Kitabu kingepata nguvu zaidi kama kingetuonjesha, hata kwa ukurasa mmoja, hewa ya chumba kile.

La pili lamhusu Manny nyumbani kwake. Deena, mwanamke atakayemzalia mtoto, karibu hatumwoni. Manny aenda sokoni kumtafutia zawadi ya Noeli, huku moyo wake uko kwa Jacquie. Mtungaji hausifu udhaifu huu, wala haufichi. Lakini amempa Jacquie uso, sauti na machozi. Deena amempa zawadi tu. Hivyo mtu mwenye haki zaidi katika hadisi ndiye aliyesahauliwa. Tena ni ajabu: yale kompani iliyomtendea Manny, kuamua habari zake bila kumtazama, Manny naye amtendea Deena. Sijui kama mtungaji aliona mfano huo, maana hautumii.

5. Kwa nani?

Kiingereza chake ni chepesi. Seminarista wa darasa la juu ataweza kukisoma. Kwa sababu ya habari za Manny na Jacquie, na bangi anayovuta garini kabla ya kuingia kazini, hakifai kusomwa kwa sauti katika refektori, wala kuwekwa mikononi mwa watoto. Mapadri wa miji, na wakatekista wanaokaa katika kambi za wafanyakazi, watapata faida kubwa.

Faida gani? Papa Yohane Paulo II, katika barua yake Laborem Exercens ya mwaka wa 1981, alifundisha kwamba kazi ni kwa ajili ya mtu, si mtu kwa ajili ya kazi. Ni mafundisho tunayoyajua kwa kichwa. Kitabu hiki chatuonyesha jinsi yanavyokuwa katika jikoni lenye moshi, siku ambayo hesabu imekwisha kusema kinyume chake. Manny anaishika nusu moja ya mafundisho hayo: atenda kazi kwa ajili ya watu. Nusu ya pili si yake kuitimiza. Ni ya wale waliomletea amri.

Basi mhubiri atakayemtaja Manny mbele ya wafanyakazi wake, amtaje mzima. Akisifu mikono iliyoondoa theluji, aulize pia, kwa sauti ile ile, habari za mikono iliyoandika amri. Akichukua nusu ya kwanza tu, atakuwa amekitumia kitabu kizuri kuwanyamazisha wenye haki ya kusema, na wafanyakazi watamtambua upesi. Kama hawezi kusema yote mawili, afadhali amwache Manny kitabuni, na yeye aende kuwatembelea waliofungiwa mlango, akae nao, awasikilize kwanza.