Ujasiri wa Mtayarishaji na Majina Yasiyotajwa

Aghalabu wahakiki wa filamu humchukulia mwelekezi kuwa ndiye mtunzi wa kazi nzima, na mtayarishaji kuwa mtu wa hesabu tu. Makala haya yanadhamiria kuutilia shaka mtazamo huo kwa kuichunguza kazi ya Signe Byrge Sørensen, mtayarishaji wa kampuni ya Final Cut for Real ya mjini Copenhagen, Denmark.

Katika The Act of Killing (2012), iliyoelekezwa na Joshua Oppenheimer, watu walioshiriki katika mauaji ya halaiki ya 1965 na 1966 nchini Indonesia wanayaigiza matendo yao wenyewe kwa mitindo ya filamu wanazozipenda. Maadili ya mbinu hii yamejadiliwa sana. Lisilojadiliwa vya kutosha ni orodha ya watengenezaji mwishoni mwa filamu: Waindonesia wengi, akiwemo mwelekezi mwenza, wameandikwa kuwa watu wasio na majina. Filamu hiyo ilipoteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2014, majina yaliyosomwa ni ya Oppenheimer na Sørensen.

Katika Flee (2021) ya Jonas Poher Rasmussen, ufichaji huo unageuka kuwa fani. Mkimbizi wa Kiafghani aliyepewa jina la Amin anasimulia maisha yake kwa sauti yake mwenyewe, nao uso wake unasitiriwa na michoro ya katuni. Kinyume chake, President (2021) ya Camilla Nielsson inamwonyesha waziwazi Nelson Chamisa, mgombea wa upinzani katika uchaguzi wa Zimbabwe wa 2018. Mwanasiasa anayeomba kura hadharani hawezi kufichwa bila kuivunja maana ya filamu.

Hivyo basi, katika kila filamu kuna uamuzi kuhusu nani ajulikane na nani asitiriwe. Uamuzi huo unahusu usalama wa watu, na papo hapo unaiathiri fani. Kwa sababu hiyo mtayarishaji anayeushiriki ana sehemu katika utunzi.

Hata hivyo, sifa hii ina mpaka wake. Hatari haigawanywi sawasawa: tuzo hupelekwa Copenhagen, ilhali wasiotajwa hubaki nyumbani pamoja na waliowarekodi. Mhakiki anayeusifu ujasiri wa filamu hana budi kuuliza kwanza ni nani aliyeubeba mzigo wake.