Kutoka Ndoanani Hadi Mkononi

Uvuvi wa mashindano unaofanyika katika maziwa na mabwawa ya Marekani ni kazi ambayo sehemu yake kubwa hukamilika kabla mashua haijaondoka gatini, kwa kuwa mvuvi anapofika mahali samaki alipo huwa amekwisha kuamua, kwa kujua au kwa kutojua, ni samaki gani ataweza kumpata na ni yupi atamponyoka. Uamuzi huo umo katika vitu vitatu ambavyo mpita njia huviona vya kawaida mno: ufito, mshipi unaopita katika pete za ufito huo, na chambo bandia, yaani kitu kilichotengenezwa kwa mti, risasi, manyoya au plastiki ili samaki akidhanie kuwa kiumbe hai. Anayeanza kazi hii huingia dukani akaupenda ufito kwanza, akanunua mshipi wa kuujaza, kisha akaokota vyambo vilivyong'aa kuliko vingine. Mvuvi mwenye ujuzi huuanza uchaguzi wake kwenye ndoana, akarudi nyuma hatua kwa hatua hadi mkononi, kama vile fundi cherehani asivyochagua sindano kabla ya kukishika kitambaa.

Samaki anayetafutwa ni besi, jina linalotumika hapa kwa samaki wa jenasi Micropterus, wenyeji wa maji baridi ya Amerika ya Kaskazini, yaani maji yasiyo na chumvi. Wawili kati yao ndio wanaojulikana zaidi mashindanoni: besi mdomo-mkubwa (Micropterus salmoides), ambaye taya lake la juu hupita nyuma ya jicho, naye hupenda kujificha penye magugu, visiki na vivuli, na besi mdomo-mdogo (Micropterus dolomieu), ambaye taya lake halilivuki jicho, naye hupendelea miamba na maji yaliyo safi na yenye ubaridi zaidi. Wote ni wawindaji wa kuvizia zaidi kuliko wa kufukuza. Besi hakimegi chakula chake. Huufungua mdomo ghafla, maji yakaingia kwa nguvu pamoja na windo, kisha maji yakatokea kwenye mashavu na windo likabaki ndani. Akihisi kuwa alichokimeza si cha kulika, hukitema kwa wepesi uleule, na muda huo mfupi kati ya kuvuta na kutema ndio muda wote alio nao mvuvi. Kila kinachosemwa kuhusu fito na mishipi hakina maana isipokuwa kinatazamwa kutoka katika muda huo.

Mashindano yenyewe yameubana uchaguzi huo kwa namna ambayo uvuvi wa kitoweo haujui. Ray Scott, wakala wa bima kutoka Montgomery katika jimbo la Alabama, aliandaa shindano lake la kwanza mwezi Juni 1967 katika bwawa la Beaver Lake, Arkansas, likahudhuriwa na wavuvi 106 waliolipa kiingilio cha dola 100 kila mmoja, na mwaka uliofuata akaanzisha chama cha Bass Anglers Sportsman Society, kinachojulikana zaidi kwa kifupi cha B.A.S.S. Fainali yake ya kwanza, Bassmaster Classic ya mwaka 1971, ilikuwa na washindani 24 ambao hawakuambiwa wanakwenda ziwa gani mpaka ndege ilipokuwa angani, ndipo wakajua kuwa ni Lake Mead huko Nevada. Bobby Murray wa Arkansas akashinda dola 10,000. Shindano lile, ambalo kila mtu alilazimika kufungasha vifaa bila kuyajua maji, lilikuwa mtihani wa uchaguzi kuliko wa kurusha, na pengine ni hasara kwa sanaa hii kwamba siku hizi maziwa hutangazwa mapema. Tangu mwaka 1972 Scott alianza kuhimiza kuwa samaki wasiuawe, nao huhifadhiwa katika tangi la mashua lenye maji yanayopulizwa hewa, hupimwa uzito wakiwa hai, kisha hurudishwa majini. Kwa kawaida mshindani hupeleka mizanini samaki watano tu, chambo hai hakiruhusiwi, na ufito mmoja tu ndio unaoweza kutumika kwa wakati mmoja, ingawa mingine inaweza kulazwa sakafuni ikiwa tayari. Samaki aliyekufa humpunguzia mvuvi uzito, kwa hiyo hata kule kumchosha mno kwa mshipi dhaifu ni kosa lenye gharama.

Vyambo bandia, kwa wingi wake wote, vinaweza kugawanywa kwa swali moja: ni nani anayeichomeka ndoana? Katika kundi la kwanza samaki hujichoma mwenyewe. Humo mna kisamaki chenye ulimi, yaani umbo la mti au plastiki lenye kipande bapa chini ya mdomo ambacho hulizamisha na kulitikisa linapovutwa, na chini yake zimening'inia ndoana mbili za ncha tatu tatu. Katika kundi la pili ni mvuvi anayeipigilia ndoana kwa kuunyanyua ufito kwa nguvu, na kiongozi wa kundi hilo ni mnyoo wa plastiki laini, ambao Nick Creme na mkewe Cosma waliufinyanga nyumbani kwao Akron, Ohio, mwaka 1949. Baina ya makundi hayo kuna jigi, yenye ndoana moja kubwa iliyosubiwa katika kichwa cha risasi na kuvikwa shada la nyuzi za mpira, na chambo cha mabapa, ambacho vibati vyake huzunguka na kumeta kinapovutwa.

Mnyoo wa plastiki unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu mwanafunzi akiuelewa namna unavyofungwa kwa mtindo wa Texas huwa ameelewa nusu ya kazi. Chubwi lenye umbo la risasi ya bunduki na tundu katikati hupitishwa kwanza kwenye mshipi, ncha yake nyembamba ikielekea kwenye ufito, kisha ndoana ikafungwa. Ncha ya ndoana huingizwa katika kichwa cha mnyoo kwa kina cha nusu sentimita hivi, ikatolewa ubavuni, ikavutwa mpaka tundu la ndoana likazama kichwani. Ndoana hugeuzwa, mnyoo ukapimwa dhidi yake ili kujua ncha itaingilia wapi, kisha ikachomwa tena mwilini na kuachwa imejificha chini ya ngozi ya plastiki. Mnyoo uliofungwa vizuri hunyooka kabisa. Uliokunjika hata kidogo huzunguka unapovutwa na kuusokota mshipi. Kwa kuwa ncha imefichwa, chambo hupenya kwenye magugu na matawi bila kunasa, lakini faida hiyo ina bei yake, maana siku samaki anapouvuta mnyoo, ndoana haina budi kutoboa plastiki kwanza ndipo ifike kwenye mdomo wenyewe.

Kuhusu rangi, maneno ni mengi kuliko ushahidi, na si dhuluma kusema kuwa rangi nyingi zilizotundikwa madukani zimekusudiwa jicho la mnunuzi. Mwanafunzi hutoshelezwa na rangi za kiza kwa maji yenye tope na za kuonyesha mwanga kwa maji safi, pamoja na rangi ya kile kinacholiwa na samaki wa ziwa lile. Sababu ya hili inaonekana hata katika Ziwa Naivasha nchini Kenya, ambako besi mdomo-mkubwa waliletwa kutoka Marekani mwaka 1929, na ambako mwaka 1970 aliingizwa kamba mwekundu wa maji baridi (Procambarus clarkii) ambaye asili yake ni kusini mwa Marekani, akawa chakula kikuu cha besi wakubwa wa ziwa hilo. Jigi ya rangi ya kahawia na wekundu inayoburutwa polepole chini ya maji humwiga mnyama yuleyule Louisiana na Naivasha.

Baada ya chambo ndipo mshipi unapochaguliwa, na hapa tofauti ni za maumbile ya vitu vyenyewe. Nailoni ya uzi mmoja hurefuka inapovutwa, hunyonya maji kidogo, na huzama kwa uvivu. Fluorokaboni huonekana kama nailoni machoni, lakini uzito wake kwa ujazo ni takriban mara 1.78 ya maji, kwa hiyo huzama upesi. Nayo huupinda mwanga kwa kiasi kilicho karibu zaidi na cha maji, hivyo haionekani kwa urahisi katika maji safi. Mshipi wa kusuka, unaotengenezwa kwa nyuzi nyembamba za polithini yenye nguvu nyingi, hauongezeki urefu kwa kiasi cha kuhisika, huelea, na unene wake ni mdogo sana ukilinganishwa na nguvu zake. Ila huteleza juu ya gurudumu la rili, yaani chombo cha kukunjia mshipi, ndiyo maana mizunguko ya kwanza huwa ya nailoni ili ishike.

Mtu akizijua tabia hizo haimlazimu kukariri orodha yoyote. Chambo kinachocheza juu ya maji hakifungwi fluorokaboni, kwa sababu mshipi unaozama utakivuta pua yake chini na kuuharibu mchezo wake. Kisamaki chenye ulimi kinachotakiwa kufika chini zaidi hupewa mshipi mwembamba, kwa kuwa mnene hukokotwa na maji na kukizuia kuzama. Mnyoo wa Texas, ambao ndoana yake ina safari ndefu, hudai mshipi usiorefuka sana, na fluorokaboni ya ratili 15, yaani inayostahimili karibu kilo 7, humtosha mwanafunzi katika maji mengi. Penye magugu mazito mshipi wa kusuka hauna mpinzani, kwani hukata mashina ambayo nailoni ingeyakumbatia.

Fundo nalo ni sehemu ya mshipi, tena ndiyo sehemu inayokatika. Fundo liitwalo Palomar hufungwa kwa kuukunja mshipi mara mbili, kupitisha kitanzi katika tundu la ndoana, kufunga fundo la kawaida lisilokazwa, kisha kuipitisha ndoana nzima ndani ya kitanzi na kukaza. Hulowanishwa kwa mate kabla ya kukazwa, kwa maana msuguano wa kukaza huzaa joto, na joto huidhoofisha fluorokaboni kuliko jeraha lolote linaloonekana kwa macho.

Ufito, ambao mnunuzi huuanza nao, sasa unaingia ukiwa wa mwisho na kazi yake ikiwa tayari imeandikwa. Sifa zake mbili huchanganywa mara nyingi: nguvu, yaani kiasi cha mzigo unaohitajika ili upinde, na mpindo, yaani mahali unapopindia. Ufito wa mpindo wa haraka hupinda karibu na ncha tu, sehemu iliyobaki ikiwa imekaza, nao hupeleka nguvu za mkono kwenye ndoana mara moja. Ule wa mpindo wa pole hupinda hadi katikati, ukachelewa. Kuchelewa huko, ambako ni aibu kwa mnyoo, ni fadhila kwa kisamaki chenye ulimi, kwa sababu humpa besi muda wa kukifumba mdomoni, na akishanaswa na vindoana vyembamba ufito laini hufuata kila mruko wake bila kuyararua matundu yaliyomshika. Ndiyo maana fito za nyuzi za kioo, zilizochukua nafasi ya mianzi iliyopasuliwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia na kupitwa na kaboni kuanzia miaka ya 1970, bado zinaheshimiwa kwa kazi hiyo moja. Kuhusu urefu, futi 7, yaani mita 2.1, ni kipimo cha busara. James A. Henshall, daktari aliyechapisha Book of the Black Bass mwaka 1881, aliwahi kutetea fito fupi na nyepesi kuliko zilizokuwa desturi ya wakati wake, na hoja yake kwamba ufito hupimwa kwa samaki wala si kwa fahari ya mwenyewe haijachuja.

Rili inahitaji maneno machache. Ile inayolala juu ya ufito na kuzungusha gurudumu lake inaporushwa ina asili katika kazi ya mafundi saa wa Kentucky, ambao George Snyder wa mji wa Paris huhesabiwa wa kwanza wao mwanzoni mwa karne ya 19. Gurudumu hilo likizunguka upesi kuliko chambo kinavyouvuta mshipi, vitanzi hufumuka na kuwa mvurugano ambao huweza kula dakika nyingi za shindano. Kinga yake ni kidole gumba kinachougusa mshipi wakati wote na kuubana chambo kinapogusa maji. Anayejifunza hupaswa kukizoeza kidole hicho kwa nailoni ya bei nafuu kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Katika mashindano mengi anayeanza huingia kama mvuvi mwenza, akapangiwa kwa kura mashua ya mtu mwingine na kukaa nyuma, huku mwenye mashua akiiongoza na kuvua mbele. Kila kichaka kinachomfikia huwa kimekwisha kupigwa, mara nyingi kwa chambo cha kasi, na nafasi ya kulaza fito ni finyu. Hali hiyo inarahisisha uchaguzi kuliko inavyoonekana. Ufito mmoja wenye nguvu na mpindo wa haraka humtosha kwa mnyoo na jigi. Wa pili, wa pole, huwa kwa kisamaki. Na wa tatu, mwepesi, wenye rili ya kuning'inia ambayo mshipi wake hutoka bila gurudumu kuzunguka, huwa kwa mnyoo usio na chubwi, unaoshuka polepole ukitikisa ncha zake zote mbili. Huu wa tatu ndio mwenza afanye haraka kuujua, kwa kuwa besi aliyekataa kukifukuza chambo cha mtu wa mbele mara nyingi bado yupo pale pale, na kitu kinachomwangukia taratibu mbele ya pua hakimdai kusogea.